Mume Wangu, Kinanda na Mzee wa Cape Town

BARUA

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 47, mume wangu ana 51. Tuna watoto watatu: mkubwa yuko chuo Dodoma, wa pili yuko bweni kidato cha tatu, na wa mwisho yuko darasa la saba, ndiye tuliyebaki naye nyumbani. Desemba hii tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Baba Neema halewi, hapigi, hana nyumba ndogo. Nayasema mapema kwa sababu kila ninayemweleza shida yangu ananijibu, "Mshukuru Mungu, wenzako wanalia na pombe." Nimeshashukuru. Sasa naomba nisikilizwe.

Kuna mwanamuziki anaitwa Abdullah Ibrahim. Huenda humjui, mimi pia sikumjua mpaka alipohamia kwangu. Ni mpiga piano wa Afrika Kusini, mzee wa miaka tisini na ushee, mzaliwa wa Cape Town, zamani akiitwa Dollar Brand. Mume wangu amekulia jirani na Mazimbu, enzi wapigania uhuru wa ANC walipokuwa na shule yao pale, ile ya Solomon Mahlangu. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala kwenye makazi yale. Wale Wasauzi walipofunga virago kurudi kwao mwanzoni mwa miaka ya tisini, mmoja wao alimwachia redio na kaseti kadhaa, na kaseti moja ilikuwa na wimbo unaoitwa "Mannenberg". Ugonjwa ulianzia hapo. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alirithi boksi la zile kaseti, na haukupita muda akawa amenunua kinanda.

Kwa hiyo najua, Mama Mkubwa. Najua kwamba anamlilia baba yake. Mchungaji ameniambia, wifi yangu ameniambia, hata huyu wa darasa la saba ameniambia. Tafadhali usinipe hilo kuwa ndilo jibu, maana mimi pia nilimpenda yule mzee, nilimwogesha miezi yake ya mwisho, na sipigi kinanda saa tano usiku.

Hali yenyewe iko hivi. Akitoka kazini saa kumi na moja anavua viatu, ananawa mikono, anaondoa kitenge alichokifanya kifuniko cha kinanda (kitenge changu cha waksi, ambacho sijakivaa hata mara moja), anaketi. Vibonyezo amevibandika plasta nyeupe zenye herufi na namba za vidole. Anaanza "Mannenberg". Anakwenda vizuri, mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unaingia, unaimba kidogo, halafu panafika mahali anakosea. Siku zote palepale. Anaguna, "Aaah!", anarudi mwanzo kabisa. Anakwenda tena vizuri, anafika palepale, anakosea. Hivyo mpaka saa nne, siku nyingine saa sita. Sijui nota hata moja, lakini hapo anapokosea napajua kama dereva anavyojua shimo la barabara ya kwao. Niko jikoni nasonga ugali, mwili unajikaza wenyewe kabla hajafika.

Tukila, vidole vinapiga mezani. Kanisani vinapiga juu ya kitabu cha nyimbo. Usiku, naomba radhi kwa kusema haya, vinapiga mgongoni kwangu akidhani nimelala.

Yule Mzee naye amekuwa kama mkwe. Picha yake imetundikwa sebuleni kando ya picha yetu ya harusi. Mgeni akija, chai haijamiminwa ameshaanza kusimuliwa jinsi "Mannenberg" ilivyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, na jinsi nyundo za piano ya studio zilivyochomekwa pini ili itoe mlio wa chuma. Mwaka jana tarehe 9 Oktoba nilitakiwa kupika pilau kwa sababu Mzee kazaliwa siku hiyo. Nilipika, maana na sisi wengine tunakula. Lakini mwanangu sasa anaijua historia ya Cape Town kuliko ya Waluguru wenzake.

Kinanda alikinunua Kariakoo, laki saba na nusu, kwa pesa ya mpunga wetu wa Dakawa ambayo tulikubaliana ipaue chumba cha uani. Nilishtukia bajaji inaingia na boksi. Sasa amesikia kuna wageni wanahama Oysterbay wanauza piano ya mbao, piano yenyewe, kwa milioni nne. Anasema kinanda cha plastiki hakiwezi kutoa sauti ya Mzee. Piano ikija, kabati langu la vyombo litoke.

La mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie. Kwenye jubilei yetu ya Desemba anataka kupiga "Mannenberg" ukumbini, mbele ya ukoo wake, ukoo wangu na walimu wenzangu. Mama Mkubwa, hajawahi kuumaliza huo wimbo. Wiki iliyopita niliificha adapta ya kinanda kwenye ndoo ya unga, nikapata jioni mbili za utulivu, na sijutii.

Nina haki ya kumwambia aache? Piano ije, isije? Na hili la jubilei nimwambieje bila kumvunja moyo?

Mke wa Mpiga Kinanda, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Mzee wako namjua, tena nampenda, kwa hiyo ujue mapema kwamba hakimu wako ana upande. Umenikataza nisikujibu kwa msiba wa baba mkwe, na mimi nakubali. Aliyemwogesha mgonjwa hahitaji kufundishwa na mtu wa gazetini jinsi mwenzake anavyoomboleza.

Barua yako nimeirudia. Kelele umezipa karibu barua nzima, pesa ya mpunga umeipa sentensi mbili. Mimi ningegeuza. Bajaji ile ndiyo iliyoharibu mambo. Angekuja siku moja kabla akasema, "Mama Neema, natamani kinanda, tufanyeje?", ungenung'unika, ungekubali au ungekataa, lakini kinanda kingeingia ndani kikiwa chenu. Kiliingia kikiwa chake, kimekaa juu ya pesa yenu, na tangu siku hiyo kila anapokosea wewe unahesabu bati.

Basi hilo lizungumzwe kwanza, na lizungumzwe peke yake. Chagua mchana, Jumamosi au Jumapili baada ya ibada, kinanda kikiwa kimefunikwa. Usiitaje "Mannenberg", usiitaje picha, usiutaje usiku. Sema pesa ya shamba inatoka kwa kauli ya watu wawili, na laki saba na nusu irudi kwenye chumba cha uani kidogo kidogo kutoka mfukoni kwake. Ukiichanganya hoja hii na ya kelele, atasikia kitu kimoja tu: kwamba huupendi muziki wake. Ataanza kuutetea muziki, nawe utaanza kuushambulia, na pesa ya mpunga itapita pembeni salama salimini.

Na kabla ya mazungumzo hayo, rudisha adapta. Leo. Akija kuikuta kwenye unga yeye mwenyewe, yeye ndiye atakayekuwa na kesi.

Haki ya kumwambia aache huna, na hata ungekuwa nayo nisingekushauri uitumie. Mtu wa miaka 51 aliyeamua mwenyewe kujifunza kitu kigumu, bila cheti wala posho, si wa kuzimwa. Lakini kuna kitu umekiandika bila kukisimamia. Saa kumi na moja mwenzako anavua viatu, ananawa, anaketi. Wewe uko wapi saa hiyo? Jikoni unasonga ugali. Wewe nawe umetoka kazini, tena umeshinda na darasa zima la watoto wa watu. Saa zake zote za kinanda zinatoka kwenye muda wako, kama kinanda chenyewe kilivyotoka kwenye mpunga. Hapo ndipo pa kudai. Usimdai anyamaze, mdai zamu. Jioni za wiki mgawane: siku zake kinanda, siku zako yeye ndiye anayesonga, anayeosha vyombo, anayemsimamia mtoto na hesabu zake. Huyo mtoto ana mtihani Septemba, na meza anayohitaji iko sebuleni hapohapo.

Sasa kelele. Nilimpigia simu kijana mmoja anayepiga kinanda kanisani na kufundisha wanakwaya, nikamsomea ile aya yako ya "palepale". Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mama, huyo baba hajifunzi wimbo, anajifunza kukosea." Akafafanua hivi: kila mumeo anaporudi mwanzo, sehemu anayoiweza inazidi kulainika, na ile inayomshinda anaigusa sekunde chache tu, tena kwa kosa lilelile. Vidole havijui lipi kosa na lipi sahihi, vinashika kile vinachorudia. Kwa hiyo amekuwa akilifanyia mazoezi kosa lake kwa bidii kubwa sana.

Dawa yake haina miujiza. Asianze mwanzo. Aanze pale panapomshinda: kabla kidogo ya kosa na baada kidogo, kipande cha sekunde tano au sita. Mkono wa kushoto peke yake, kisha wa kulia peke yake, taratibu kiasi cha kuchosha, taratibu mpaka asiweze kukosea. Kisha mikono yote miwili, bado taratibu. Kasi inakuja mwisho. Nusu saa ya namna hiyo inazidi jioni nzima ya kurudi mwanzo na kuguna. Kijana akaongeza habari ya zile plasta: azibandue chache chache, maana kwa sasa anasoma vibonyezo kwa macho badala ya kusikiliza. Na atafute mwalimu. Morogoro haikosi makanisa yenye wapiga kinanda, na wengi wao kwa nauli na soda watampa saa moja kwa wiki. Mtu anayejifundisha mwenyewe kutoka kwenye YouTube hana wa kumwambia "simama hapo".

Lakini nikutahadharishe. "Mannenberg" hata ukipigwa sawasawa unajirudia. Ndivyo ulivyotungwa. Rekodi ile ya mwaka 1974 inazidi dakika 13, ulijaza upande mzima wa santuri, na msingi wake ni marabi, muziki wa vilabu vya pombe vya Johannesburg vya miaka ya 1920 na 1930, ambako mpiga piano alishika mzunguko mmoja mfupi akauzungusha mpaka asubuhi watu wacheze. Siku mumeo atakapouweza kabisa, bado utakuwa unasikia kitu kilekile kikizunguka. Usisubiri kumaliza kwake kukuletee nafuu.

Jambo la pili kuhusu wimbo huo, na hili mwambie, litamfaa. Kinachomtoa mtu machozi ndani ya "Mannenberg" kwa sehemu kubwa hakipigwi na Mzee. Ni saksafoni ya Basil Coetzee, aliyesifika kwayo mpaka wimbo ukawa jina lake la utani, na kando yake yuko Robbie Jansen, kuna besi, kuna ngoma. Mzee yuko chini anauzungusha ule mzunguko. Baba Neema amekaa peke yake sebuleni, anajaribu kufanya kwa vidole kumi kazi ya bendi nzima. Si ajabu mkono wa kulia unakwama. Pale anapokosea, naweka dau, ndipo saksafoni inapopaa.

Kwa masikio yako wewe: kinanda cha umeme kina tundu la hedifoni. Nunua wewe, umpe kama zawadi, si kama faini. Mpatane kwamba kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja kinasikika nyumba nzima, na baada ya hapo hedifoni kichwani. Utasikia vibonyezo vikigongagonga, basi. Atakwambia sauti ya kwenye hedifoni si ileile. Kweli si ileile. Avumilie, wewe umevumilia zaidi.

Picha ihamie ukutani pale kilipo kinanda, ya harusi ibaki na nafasi yake. Wageni wanywe chai kwanza. Pilau ya tarehe 9 Oktoba endeleeni nayo, kuna sikukuu nyingi mbaya kuliko hiyo. Na hilo la mgongoni sitalijibu, ila siku moja muulize ni wimbo gani.

Sasa nikusimulie jambo ambalo naona halimo katika simulizi za sebuleni kwako. Mwaka 1963 huyo Mzee, akiwa bado Dollar Brand, alikuwa Zurich, Uswisi, amekimbia ubaguzi wa kwao, anapiga katika klabu moja na wenzake wawili. Duke Ellington, mkubwa wa jazi wa Marekani, alikuwa amefika mjini humo kwa onyesho. Aliyemfuata Ellington na kumshikilia mpaka akaja klabuni kusikiliza alikuwa mchumba wa Dollar Brand, Sathima Bea Benjamin, mwimbaji, msichana wa Cape Town kama yeye. Ellington akasikia, akawapeleka Paris kurekodi, na santuri iliyotoka pale ikafungua njia ya Dollar Brand duniani. Walioana mwaka 1965. Lakini kule Paris Sathima naye alirekodi, kwa sauti yake mwenyewe. Kazi ile ikawekwa kabatini. Ilikuja kutoka baada ya miaka zaidi ya 30.

Sikuambii haya ili umwone Mzee mbaya, wala simjui mtu aliyeiweka kabatini kwa makusudi. Sathima hakukaa akingoja. Mwaka 1979 huko New York alianzisha lebo yake ya kurekodi, Ekapa, akajitolea santuri zake mwenyewe, huku analea watoto wawili. Ninakusimulia kwa sababu ya kitu kimoja katika barua yako. Umeniambia ulipata jioni mbili za utulivu. Hukuniambia ulizifanyia nini. Naweza kubahatisha: ulisahihisha madaftari, ukafua sare, ukalala mapema. Ukurasa mzima umeniandikia anachokipenda mumeo, kwa undani ambao mashabiki wengine wa Mzee hawana, na sijaona hata mstari mmoja juu ya unachokipenda wewe. Kinanda kikinyamaza kabisa kesho, jioni zako zitajaa nini? Ndiyo maana nimekwambia udai zamu badala ya ukimya. Kwaya, cherehani, kikoba, kusoma, kukaa kibarazani na shoga yako bila sababu, utajua mwenyewe. Na hicho kitenge cha waksi kitoe kwenye kinanda ukishone. Kinanda kifunikwe na shuka kuukuu.

Jubilei. Hapa nina pendekezo, na siyo la kumzunguka, ni la kweli kimuziki. Abdullah Ibrahim ana wimbo unaoitwa "The Wedding". Umo, miongoni mwa rekodi zake nyingine, katika albamu yake ya mwaka 1985 inayoitwa Water from an Ancient Well. Ni wimbo wa polepole, mfupi, umekaa kama tenzi ya kanisani, na hilo halishangazi: bibi yake na mama yake Mzee walikuwa wapiga piano wa kanisa, katika kanisa la African Methodist Episcopal kule Cape Town, na yeye alianza kujifunza akiwa na miaka saba. Kuanzia mwaka 1968 ni Mwislamu, lakini zile tenzi hazikumtoka mikononi. Mumeo amekulia kanisani. Mwendo wa wimbo huo anaujua tayari bila kujua kwamba anaujua, na unabebeka na piano peke yake bila saksafoni wala ngoma. Kwenye albamu hiyohiyo kuna "Song for Sathima", wimbo wenye jina la mkewe, na kuna "Mannenberg" iliyopigwa upya. Msikilize yote kwa pamoja jioni moja. Wewe pia. Sikulazimishi upende, ila usikie kitu kingine zaidi ya lile shimo.

Namna ya kumwambia: usiseme "huwezi". Sema "Mannenberg ni wimbo wa bendi, na sherehe hii ni ya ndoa. Nipigie The Wedding." Mtu aliyeombwa wimbo hufanya mazoezi tofauti na mtu aliyekatazwa wimbo. Kisha mwekeane tarehe, kabla kadi hazijachapwa: katikati ya Novemba aupige nyumbani mwanzo hadi mwisho mbele yako, ya mtoto na ya wifi yako mwenye mdomo. Akikosea asonge mbele, asirudi mwanzo, ukumbi mzima hakuna atakayejua isipokuwa anayeguna "Aaah!". Akifaulu, apige Desemba. Asipofaulu, DJ aweke rekodi, nyinyi mtoke mcheze, na hakuna aliyevunjwa moyo kwa sababu mlipatana mapema. Ukimwambia wiki ya sherehe, hapo ndipo utakapomvunja.

Imebaki piano ya Oysterbay. Mimi nasema isije, na sababu zangu ni za kifundi. Piano ya mbao ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hadi 300. Ndani ina nyuzi zaidi ya 200 zilizokazwa kwa nguvu ya tani nyingi. Ikipakiwa kwenye lori kutoka Dar hadi Morogoro, kisha ikabadilishiwa hewa, nyuzi zitalegea kila moja kwa namna yake, na fundi wa kuzirudisha utamtoa Dar, umlipe nauli na kazi, mara moja au mbili kila mwaka, maisha yote ya piano hiyo. Kama imekaa pwani miaka mingi, unyevunyevu umeshaingia kwenye mbao na kutu kwenye nyuzi, na anayehama nchi hana muda wa kukueleza hayo. Mchwa wa Morogoro sina haja ya kukutambulisha. Na zaidi ya yote, piano ya mbao haina tundu la hedifoni.

Siku chumba cha uani kitakapokuwa kimepauliwa na laki saba na nusu imerudi, kama bado ana hamu, kuna piano za umeme zenye vibonyezo vyote 88 vyenye uzito kama wa piano halisi. Hicho cha kwake cha Kariakoo, nadhani, kina vibonyezo 61 tu, na kweli vidole vitafika mahali vikakosa pa kwenda. Hilo ni ombi la haki, lije mezani kwa watu wawili.

Lakini hoja yake kwamba plastiki haiwezi kutoa sauti ya Mzee, hiyo ameijibu mwenyewe mbele ya wageni wenu. Sauti ya kwenye ile kaseti haikuwa ya piano ya kifahari. Ilikuwa piano ya kawaida ya studio, ya kusimama, iliyochomekwa pini kwenye nyundo ili ilie chuma. Vinanda vingi vya umeme vina sauti ya namna hiyo ndani yake, imeandikwa Honky-tonk, mara nyingi iko ya nne kwenye orodha, jirani kabisa na piano ya kawaida. Aibonyeze, apige mkono wa kushoto wa "Mannenberg" taratibu, ndipo aamue kama bado kuna safari ya kwenda Oysterbay.